Meno ya Chimagata

Niliambiwa nimpeleke mwanamke mmoja kijijini akachote maji ya kupima, basi. Ndivyo nilivyoelezwa. Mimi naendesha kirikuu hapa Dodoma mjini, nabeba vitanda, saruji, mbuzi, na maiti ikibidi. Kubeba mtu mmoja na deli la barafu niliona ni kazi ya mapumziko.

Jina lake Yudith Gideoni. Alizaliwa Chimagata, ng'ambo ya Bahi, akaondoka akiwa na umri wa miaka kama kumi, na sasa yuko Norwe anatunza wazee. Huko nje wako wenzake wengi: mmoja Omani, mmoja Marekani, wengine sijui wapi. Wameunda umoja wao. Kila mmoja anatoa kidogo, wanajenga kitu nyumbani. Walishajenga choo cha shule. Safari hii walitaka kuchimba kisima kipya, kwa sababu maji ya kile cha zamani yana madini yanayofanya meno ya watoto yawe kahawia. Lakini kabla ya kuchimba walitaka maji ya zamani yapimwe, wajue ubaya wake. Yudith alikuwa likizo, akapewa kazi hiyo.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nayo," aliniambia tukiwa tumeshapita Zuzu. Akanionyesha meno yake, meupe kama ya tangazo la dawa ya mswaki. "Haya ya mbele nimewekewa kule. Ya nyuma simwonyeshi mtu."

"Kijijini wanajua tunakuja?"

"Wote wanajua, kaka Mrisho. Nimetangaza kwenye grupu wiki nzima."

"Grupu la nani?"

"La Wana-Chimagata."

"Wanaoishi Chimagata wamo?"

Akapekua simu yake. Kisha akasema, "Mwenyekiti wa kitongoji yumo. Stanley."

Stanley hatukumkuta. Mkewe alituambia kaenda kwenye msiba wa wakwe zake, na simu yake haina chaji tangu juzi. Nilimwambia Yudith tusubiri. Akasema maji lazima yachotwe asubuhi na yafike maabara mchana, na keshokutwa yeye anapanda ndege. Alikuwa anaongea kwa upole, lakini ni mtu aliyezoea nchi ambayo ukisema saa nne ni saa nne. Tukaenda kisimani.

Kisima kina pampu ya mkono, na asubuhi ile foleni ya madumu ilikuwa ndefu. Wanawake wengi, wazee wachache, mbuzi. Niliegesha pembeni. Niliwaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" na wakaitikia, ila nusu nusu, macho yakiwa kwa Yudith. Yeye alishavaa glavu za buluu. Hakuamkia mtu kwanza. Nadhani aliona haya, Kigogo chake kimekwisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye pampu na kichupa.

Mimi nilibaki garini. Dada mmoja mdogo akasogea nyuma ya kirikuu, akagonga deli.

"Mnauza samaki?"

"Hatuuzi."

"Sasa mbona mna barafu?"

Akafunua mwenyewe kabla sijashuka. Nilimwona akitazama ndani. Hakufunika. Alirudi kinyumenyume, mkono mdomoni, mpaka akalikanyaga dumu la mtu.

Mle ndani mlikuwa na vichupa vyembamba vya kioo, vimepangwa juu ya barafu, vyote vimejaa kitu chekundu. Ni dawa. Unatia maji ya kisima, unaangalia ule wekundu unapauka kiasi gani, hapo unajua madini ni mengi au machache. Yudith alinieleza baadaye. Wakati ule hata mimi nilipovitazama niliona kile kile alichokiona yule dada.

"Damu," alisema, kwanza polepole. Halafu akapiga yowe.

Yowe la mwanamke kule uwandani linasafiri. Likapokewa na mwingine, na mwingine, mpaka nikalisikia linajibiwa kwenye nyumba za mbali. Ninajua maana yake. Kila mtu wa mkoa huu anajua. Watu wameshauawa kwa yowe kama hilo, wakachomwa pamoja na gari lao, na baadaye ikaonekana walikuja kupima udongo tu. Nilitaka kuwasha gari. Niliushika ufunguo, nikawa natafuta tundu silioni, na nilipoinua macho wanaume walishafika mbele ya boneti.

Wa kwanza alikuwa na fimbo ya kuchungia, kijana mrefu wanayemwita Yoramu. Mtoto wake alipotea mwanzoni mwa kiangazi hiki na kuokotwa bwawani amekufa, na yeye akaamini amenyonywa damu. Hilo nalo nililijua baadaye. Wakati ule niliona tu macho yake, na hayakuwa macho ya mtu wa kuulizwa swali.

"Mumiani," alisema. "Leo mmekuja mchana."

Yudith alikuwa ameshashikwa mikono miwili. Glavu zake ziliwatia watu wazimu zaidi. "Mimi ni wa hapa!" alikuwa anasema kwa Kiswahili. "Mimi ni mtoto wa Gideoni! Hiyo ni dawa ya kupimia!"

"Wa hapa gani asiyejua kuamkia?" akasema mzee mmoja.

"Kama ni dawa, kunywa," akasema Yoramu. Akachukua kichupa kimoja, akakisogeza kwenye midomo ya Yudith. "Kunywa tuone."

Hapo angeweza kunyamaza. Akasema kweli.

"Hainywewi. Ni sumu."

Watu wakaguna wote kwa pamoja. Nimesikia ng'ombe wakiguna hivyo wakinusa simba. "Sumu! Kaja kututilia sumu kisimani!" Jiwe la kwanza likavunja kioo cha pembeni cha gari langu. La pili likanipata begani.

Mimi ni Mnyamwezi. Babu wa babu yangu alipita nchi hii na msafara kutoka Tabora, kichwani pembe za ndovu, na kizazi chake kikabaki mjini na kusilimu. Enzi hizo Wagogo walikuwa wakiwatoza hongo watu wa misafara, hupiti na hunywi maji yao bila kulipa. Ndiyo maana mpaka leo sisi na wao ni watani. Mtani wako utamtukana, utamnyang'anya kofia, utaingia kwenye msiba wake na kulala ndani ya kaburi mpaka akupe kitu, na hakupigi. Sijui kama nilifikiri. Mtu mwenye hofu hafikiri. Nilishuka garini nikajitupa chini mbele ya miguu ya Yoramu, chali, mikono kifuani kama maiti.

"Haya niueni!" nikapiga kelele. "Niueni, Wagogo! Babu zenu walimtoza babu yangu hongo ya maji papa hapa, na nyinyi bado hamjashiba! Mimi ni Mnyamwezi! Mkiniua ni nyinyi watani mtakaochimba kaburi! Chimbeni kwenye udongo huu wa kiangazi, nione! Na mtaniosha! Mimi sijaoga tangu juzi!"

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. Alisogea mbele. Mama mnene, kanga kifuani, dumu tupu mkononi. Wakamwita Evarista.

"Mnyamwezi huyu kweli," alisema. "Wanavyopenda kulala chini. Babu yake alilala hivi hivi, mzigo tukabeba sisi."

"Mlibeba wapi? Mliiba!"

"Inuka, mavi ya punda. Nani amekupiga jiwe?" Akawageukia wenzake. "Huyu mtani. Asiguswe, asituletee mkosi. Washa gari lako uende, Mnyamwezi."

"Na dada yangu?"

Uso wake ukabadilika. "Huyo si mtani. Huyo hatumjui. Wewe nenda."

Wakanifungulia njia. Naandika hili kama lilivyokuwa: niliitazama ile njia. Ilikuwa nyeupe, tupu, mpaka kwenye barabara ya Bahi. Mke wangu Stara alikuwa nyumbani anapika. Yudith naye alikuwa ananitazama, damu ya kweli inamtoka puani.

Mgeni kutoka mjini ana mtu wa kumtetea, na mtoto wao hana. Hilo liliniudhi kuliko lilivyonitisha, na hofu yenyewe ilikuwa mpaka kwenye meno.

Niliinuka, nikaenda nikamshika Yudith kiunoni kama mtu anayebeba gunia, nikawavuta wale waliomshika.

"Basi huyu nimemchukua," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Mimi mtani, nimeshika cha Wagogo. Mnaijua sheria. Nilichoshika simwachii mtu mpaka kikombolewe. Leteni mbuzi."

"Si wetu huyo!" akasema Yoramu.

"Kama si wenu, mnamdai nini? Niachieni. Kama ni wenu, mkomboeni. Moja kati ya mawili, wapagazi nyie!"

Watu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Mwingine akasema hatuwezi kukomboa mtu tusiyemjua. Mwingine akasema Gideoni alikuwapo kweli, yule wa nyumba za kule chini, alikufa zamani, mke akahamia mjini na mtoto. Yoramu akasema mumiani wanajua majina ya watu, ndiyo kazi yao. Nilisikia moyo wa Yudith unagonga kwenye mkono wangu, au ulikuwa wangu.

Evarista akaja akasimama mbele yake.

"Umezaliwa hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikunywa maji haya?"

"Mpaka nikaondoka."

"Cheka."

Yudith akaonyesha meno. Meupe. Watu wakaguna tena, na nikajua sasa tumekwisha. Nilianza shahada kimoyomoyo.

"Ya nyuma!" nikapiga kelele. "Dada, waonyeshe ya nyuma!"

Evarista akamshika taya kama anayenunua ng'ombe mnadani, akamgeuza kwenye jua, akaingiza kidole akalivuta shavu. Akatazama muda mrefu. Kisha akatoa kidole, akakifuta kwenye kanga, akawageukia watu na kuwaonyesha meno yake mwenyewe, ya kahawia, yamechimbika kama mawe ya mtoni.

"Kama haya," alisema. "Yamefichwa huko nyuma, lakini ni haya haya. Mjini hakuna meno haya. Huyu ni wetu, kapaka chokaa mbele tu." Akampiga Yudith kofi dogo la kichwa. "Mjinga wewe. Unakuja kwenu umeficha meno, umeficha mikono, umenyamaza. Tukujue kwa lipi?"

Yudith akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto.

Yudith alikombolewa kwa kuku. Nilisema nataka mbuzi, Evarista akasema Mnyamwezi kama mimi anastahili kuku mgonjwa, na baadhi yao wakacheka. Yoramu hakucheka. Alichukua lile deli akamwaga vichupa vyote chini, akavikanyaga kimoja kimoja, mchanga ukawa mwekundu. Tulipokuwa tunaingia garini Evarista akanirushia dumu dogo, limejaa maji ya pampu, limefungwa kwa nailoni.

"Kapimeni hukohuko mjini. Majibu ulete wewe mtani. Huyu asirudi mpaka Stanley aitishe mkutano."

Mpaka lami ya Bahi Yudith alikuwa anapitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele, mara kwa mara, kama yamekuwa ya mtu mwingine.

Yeye ameshapanda ndege. Kwenye grupu lao walituma pole nyingi, wakaniandikia kwamba mimi ni shujaa. Nikawajibu nilijikojolea. Ni kweli, na Stara ni shahidi wa suruali.

Maji yamepimwa. Maabara wamesema ni mabaya, tena kuliko walivyodhani. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Siku ile walisema tumekuja kutia sumu kisimani. Sasa mimi ndiye nirudi niwaambie kisima kina sumu.

Leo asubuhi nimekwenda. Safari hii nilimpigia Stanley, akapokea. Nikampigia Evarista. Nikasimamisha gari nje kabisa ya kijiji, penye mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa, na nikasubiri nijiwe, kama mgeni anavyotakiwa. Kuku nilikuwa naye kwenye kiti cha pembeni, hai, nimrudishe ikibidi. Jua likapanda. Kila kilichotikisika kwenye mabua nilikiona ni mtu.

Aliyekuja si Stanley. Alikuwa Yoramu, peke yake, na ile fimbo. Alikuwa anatembea bila haraka, uso wake sikuuona vizuri kwa sababu ya jua. Mkono wangu ulikuwa kwenye gia ya nyuma. Alipofika akasimama dirishani, akamtazama kuku, akanitazama mimi, akatazama pale kioo kilipovunjika.

"Wewe Mnyamwezi," akasema. "Unasimama njiani kwetu. Hongo iko wapi?"

Sauti ilikuwa nzito na hakutabasamu. Lakini neno la utani alilisema.

"Kuku huyu hapa," nikamjibu.

Akafungua mlango, akampakata kuku, akakaa.

"Twende. Watu wanasubiri." Tulipoanza kusogea akauliza, bila kunitazama, "Ni mabaya?"

"Mabaya."

Akawa anampapasa yule kuku shingoni. Mbele niliona watu wamejaa uwanja wa shule, wote wamesimama, wote wametazama gari. Nikaendesha polepole sana. Nilipofika sikuzima injini.