Mkono wa Smaranda

Nikisema "moja" kwenye chumba cha upasuaji, hakuna anayeuliza moja ya nini. Maana yake umegusa kisichoguswa: miwani, barakoa, bega la mwenzako. Glavu zako si safi tena, toka mezani, kanawe upya. Ukifikisha tatu ndani ya mafunzo ya miezi mitatu, unarudi wodini kupima homa na kutandika vitanda, na usinililie. Nimefundisha manesi wa upasuaji hapa mjini Iasi miaka kumi na tisa, na sheria hiyo sijaipindisha hata kwa binti wa dada yangu, ambaye mpaka leo hanisalimii.

Smaranda alikuja mwezi wa Julai kutoka Vadu Negru, mji mdogo wa milimani wenye hospitali moja na chumba kimoja cha upasuaji. Chumba chenyewe kilikuwa kimefungwa tangu Pasaka, siku nesi wao wa zamani alipostaafu. Daktari wao aliniandikia barua fupi: "Sista Aglaia, huyu ndiye pekee aliyekubali kubaki huku kwetu. Akifeli, chumba hakifunguliwi tena. Wajawazito wanapelekwa kilomita sabini, na barabara yetu unaijua." Naijua. Wakati wa theluji hata mbuzi huifikiria mara mbili.

Binti alikuwa na mikono ya kazi. Daktari akinyoosha kiganja, koleo limeshatua. Hajasema "mkasi", mkasi upo. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza, na mimi ninayempenda ndiye ninayemfokea zaidi, kwa hiyo wenzake walidhani namchukia.

Tatizo lilikuwa kengele.

Hospitali yetu na kanisa vimetenganishwa na ukuta mmoja. Kwetu, kengele ikilia, mkono unainuka wenyewe: paji la uso, tumbo, bega la kulia, bega la kushoto. Madereva wanafanya hivyo usukani ukiwa mkono mmoja, wauza samaki wanafanya na kisu mkononi. Lakini nesi aliyevaa glavu mikono yake si yake. Inakaa mbele ya kifua, haipandi usoni, haishuki chini ya kiuno, hata nyumba ikiungua.

Wiki ya pili tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye sanamu ya mpira. Kengele ikalia. Smaranda, macho kwenye makoleo yake, akainua mkono akafanya ishara ya msalaba mara tatu, taratibu, glavu juu ya paji la uso.

"Moja!" nikapiga kelele.

Akanitazama kwa mshangao. "Moja ya nini, Sista? Sijagusa kitu."

"Umegusa uso wako wote, mwanangu. Umebakiza kujikuna kisogo tu."

Hakujua kabisa kuwa ameufanya mkono wake utembee. Hilo ndilo lililonitia hofu. Kosa unalolijua unaweza kulichunga.

Ya pili ilikuja mwezi wa Septemba, kwenye upasuaji wa kweli, nikiwa nimesimama pembeni yake. Alilia bafuni nusu saa. Aliporudi macho mekundu, akaniambia, "Bibi yangu alinifundisha nikiwa sijaanza hata kutembea. Nitauzuiaje mkono ambao hauniulizi?"

"Jifunge kamba," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa kwake.

Kisha ikaja ratiba ya mtihani. Alhamisi, saa tatu asubuhi, wiki ya sikukuu ya Mtakatifu Paraskeva! Wiki hiyo Iasi nzima inajaa mahujaji, wamepanga foleni barabarani na mablanketi, watu wanawagawia sarmale za moto, nyama iliyoviringwa kwa majani ya kabichi, kutoka kwenye masufuria, na kengele zinalia kutwa. Nilikwenda ofisini kuomba tarehe nyingine. Nikaambiwa tarehe ni tarehe.

Basi nikavuka ukuta kwenda kwa Padri Visarion. Nilimkuta uani, amekunja mikono ya kanzu, anapanga masanduku ya mishumaa.

"Padri, Alhamisi saa tatu nyamazisha kengele yako. Lisaa limoja tu."

Alicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Sista Aglaia! Miaka yote hii hujakanyaga humu isipokuwa Pasaka, leo umekuja kunifunga mdomo wiki ya sikukuu?"

Nikamweleza habari ya Smaranda. Akaacha kucheka, akakaa juu ya sanduku.

"Kengele siwezi kuizuia, dada yangu. Lakini mama yangu alikuwa mwoka mikate, mikono imejaa unga toka alfajiri. Kengele ikilia alifanya ishara kwa ulimi, juu ya kaakaa, mdomo umefumba. Mwambie binti ajaribu. Mungu haoni mikono tu."

Nikarudi mbio kama msichana. Siku tano nilimfanyisha Smaranda mazoezi baada ya kazi. Nilichukua bakuli la chuma na kijiko, nikawa naligonga bila kumwonya, ananawa nagonga, anapanga nyuzi nagonga. Siku ya kwanza mkono uliinuka kila mara. Siku ya tatu ulifika kifuani ukasita. Siku ya tano nikagonga mpaka bakuli likabonyea, na mikono yake ikatulia mbele ya kifua, ila shavu likicheza kidogo.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Mara tatu, Sista. Ya mwisho imenitekenya."

Alhamisi tuliingia. Mgonjwa alikuwa mzee Neculai, fundi seremala aliyestaafu, henia upande wa kulia, ganzi ya mgongoni, kwa hiyo yuko macho nyuma ya pazia na anazungumza kuliko redio. Daktari Cazacu ndiye mpasuaji, mtu wa maneno machache. Smaranda alisimama kwenye meza ya vyombo. Mimi nilivaa gauni na glavu nikasimama kushoto kwake, nimsaidie na nimhukumu.

Saa tatu na dakika ishirini Daktari Cazacu alikuwa ameshafungua. Kisha kengele. Si ile moja ya siku zote. Zote, kubwa na ndogo, na za makanisa ya mbali zikaitikia.

Sikuangalia jeraha, niliangalia glavu mbili. Ya kulia ikapanda kidogo, labda upana wa kidole, ikasimama. Halafu shavu likacheza chini ya barakoa.

Hapo mzee Neculai, ambaye mikono yake ilikuwa imefungwa kwenye mbao za pembeni, akaanza kuhangaika. "Nifungulieni mkono mmoja! Kengele ya Mtakatifu hiyo! Mnataka nionekane mpagani siku kama ya leo?"

"Tulia, mzee," akasema Daktari Cazacu. "Ukitikisika nitakushona na shuka."

"Hata kidogo tu, daktari!"

Smaranda akampa Daktari koleo, macho hayakuondoka mezani, akasema kwa sauti ya upole, "Babu, fanya kwa ulimi. Juu ya kaakaa, mdomo umefumba. Na mimi nimefanya hivyo sasa hivi."

Punde tukamsikia mzee nyuma ya pazia akisema, "Eeh. Inafaa." Akatulia tuli.

Miaka kumi na tisa nimeona manesi hodari, lakini sikuwahi kuona mtu akitoa hofu yake kumtuliza mgonjwa. Machozi yakanilengalenga. Nilishukuru, kwa moyo wote, mimi ambaye kanisani nasubiri Pasaka.

Smaranda akageuza kichwa kidogo.

"Sista Aglaia," akasema. "Moja."

Sikuelewa. Nikamwangalia Daktari Cazacu, naye ananiangalia mimi, kisu kimetulia hewani. Ndipo nilipouona mkono wangu wa kulia. Ulikuwa begani kwangu, bega la kushoto, umeshapita paji la uso na kote kunakopitwa.

Ningeweza kubisha. Mimi ndiye mwenye mtihani, mimi ndiye mwenye saini, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Lakini hakuyarudisha maneno yake, na mwili wake alikuwa ameshausogeza kati yangu na meza ya vyombo.

"Umesikia, Sista," akasema Daktari Cazacu. "Toka."

Nikatoka. Ningeweza kunawa na kurudi, sabuni ilikuwa pale pale. Nikavua gauni, nikakaa kwenye kiti cha chuma cha korido, nikamwangalia kupitia kioo cha mlango. Kwa dakika arobaini alifanya kazi peke yake kwenye meza ile, na sikuona kitu hata kimoja cha kumfokea. Nilitafuta.

Walipomtoa mzee Neculai, alinipungia mkono uliofunguliwa. Nyuma yake akaja Smaranda, barakoa imeshuka shingoni, uso mweupe kama chokaa.

"Umekasirika, Sista?"

"Sana."

Akainamisha kichwa. "Nilijua. Lakini nilikuona. Nisingeweza kukuona halafu ninyamaze."

Nikachukua fomu yake mezani, nikasaini kwa mkono ule ule ulioniaibisha. Kisha nikanyanyua simu ya korido, nikampigia daktari wa Vadu Negru. Aliitika mlio wa kwanza, nadhani alikuwa ameikalia.

"Washa taa za chumba chako, daktari," nikamwambia. "Na ujichunge. Huyu atakutoa hata wewe."