Inasikia, Haisemi

Yasmina alikizamisha kile kifaa ndani ya beseni la maji, akakishikilia chini kwa vidole viwili na kuanza kuhesabu kimoyomoyo.

"Ikikufia humo, ni yako," alisema Wasim Alibhai, mwenye duka, akichungulia mlango wa mbele kuona kama kuna mtu anaingia.

"Ikifa humu, itafanya nini ziwani?"

Alifika mia tatu, akakitoa, akakipangusa kwa upindo wa kitenge na kufungua kifuniko cha nyuma. Mawe mawili ya radio, betri zake, yalikuwa makavu. Alikwangua springi kwa ukucha akitafuta kutu ya kijani. Haikuwapo.

Yasmina alikuwa fundi wa simu katika soko la Gitega, mwanamke pekee kwenye safu yake ya vibanda. Jana alikuwa amepanda gari hadi Muyinga kwa sababu duka la akina Alibhai lilikuwa na vitu ambavyo kwao havikuonekana, vitu vilivyoingia kupitia mpaka wa Tanzania. Hakuja kwa ajili ya kibanda chake. Mdogo wake, Husni, alikuwa na mashua huko Rumonge, kando ya ziwa. Tangu mafuta yaadimike aliifungua injini akaiweka nyumbani, akasimamisha mlingoti na tanga la maturubai yaliyoshonwa pamoja, akawa anabeba mchele na sabuni hadi Nyanza-Lac kwa nguvu ya upepo.

Wiki tano zilizopita mvua kubwa iliwafunika yeye na mwenzake Houssein katikati ya safari. Hawakuona nchi kavu upande wowote. Ilipokatika, walikuwa wamesukumwa ng'ambo ya mstari wa mpaka katikati ya ziwa, mstari ambao hakuna aliyeuchora juu ya maji, na boti yenye watu wa bunduki ilikuwa inawajia. Hawakuambiwa ni watu wa upande gani. Husni aliachiwa baada ya siku nne. Houssein hajarudi hadi leo.

"Dada, we unajua mashine," Husni alikuwa amemwambia kwenye simu, kwa sauti ambayo Yasmina hakuizoea. "Nitafutie kitu cha kuniambia niko wapi. Lakini kisiwe cha tajiri."

Wasim alikuwa amemtolea vitu vitatu kutoka chumba cha nyuma. Cha kwanza kilikuwa na kioo kikubwa kama sahani, chenye rangi, kinachopima hata kina cha maji. Yasmina alikiwasha, akatafuta ziwa lao, akaona buluu tupu. Ramani iliyokuwamo ndani ilikuwa ya pwani za Wazungu. Zaidi ya hayo kilihitaji betri ya gari, na mashua isiyo na injini ingeichaji na nini? Cha pili kilikuwa simu ya Kichina iliyojazwa ramani zisizohitaji mtandao. Hiyo aliirudisha haraka. Kila msimu wa mvua aliletewa simu za namna hiyo zikiwa zimekufa, na hata zikiwa hai, hazisikii kidole chenye maji.

Kilibaki hiki cha tatu, cha kushikwa mkononi, cha njano, kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Hakikuwa na ramani. Kilikuwa na kioo cha kijivu, namba na mshale. Lakini mtu angeweza kukiwekea alama: hapa ni bandari, hapa usivuke. Na mawe mawili ya radio, ambayo hupatikana kila kioski, yangekitosha usiku na mchana.

"Nachukua hiki. Niandikie facture."

Wasim aliandika risiti, akamsogezea karatasi. Ilisomeka: *radio ndogo, occasion, moja*, yaani iliyokwisha kutumika.

"Hii si radio, Wasim. Andika jina lake."

"Dada Yasmina, nikiandika jina lake, kesho watakuja kuniuliza iliingia na papiers gani." Aliteremsha sauti ingawa dukani hapakuwa na mtu mwingine. "Mzee wangu walimweka ndani siku mbili kwa sababu ya talkie-walkie za watoto. Za kuchezea! Ama uchukue na facture hiyo, ama uache."

Alichukua.

* * *

Walisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya kufika Gasorwe. Askari aliamuru abiria wote washuke na mifuko yao. Yasmina alikuwa amekificha kifaa katikati ya karanga alizopewa na shangazi yake wa Muyinga, na alipoona mkono wa askari ukizama humo, aliitoa facture.

"Hii nini?"

"Radio, afande. Facture iko hapa."

Mkuu wa kizuizi, mtu mnene aliyeitwa Audax, aliinuka kwenye kiti chake akaja kuangalia. Alikuwa na tabasamu. "Bon. Washa tusikie habari."

Abiria wawili watatu walicheka. Yasmina alibonyeza kitufe. Kioo kikawaka, zikatokea namba, kisha mshale ukageuka polepole na kutulia. Hakuna sauti iliyotoka. Kicheko kikakatika. Gaudensia, mama aliyekaa naye kiti kimoja tangu Muyinga, aliyekula karanga zake njia nzima, alivuta mfuko wake na kusogea pembeni.

"Mi simjui huyu," alisema kabla hajaulizwa.

Audax alimwingiza Yasmina kwenye kibanda cha mabati. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Hizi namba ni za nini?"

"Ni mahali tulipo, chef."

"Kwa hiyo inajua tuko hapa." Alikiweka mezani taratibu, kioo kikiangalia chini. "Nani anatuona?"

"Hakuna anayetuona. Hii inasikia tu, haisemi. Inasikia satelliti, basi. Kama radio."

"Kwa hiyo ni radio?"

"Iko... kama radio."

"We fundi, unanichezea?"

Yasmina alieleza yote: mashua, tanga, mvua, Houssein. Alipotaja mstari wa katikati ya ziwa alimwona Audax akitazama mlango. Ndipo akaelewa kwamba mtu huyu hakuwa anatafuta kitu kidogo cha mfukoni. Angetaka hela, ingekuwa rahisi. Aliogopa. Aliogopa kwamba kifaa kitapita, kisha siku moja kitakamatwa mahali pengine, na mtu atauliza kilipita mbele ya nani.

"Kibaki hapa," alisema. "Utaleta autorisation, karatasi ya ruhusa."

"Ya ofisi gani, chef?"

"We si unatoka Gitega? Ministères zote ziko kwenu. Utaitafuta."

"Basi niandikie karatasi kwamba umekikamata."

"Sijakikamata. Nakihifadhi." Alifungua droo, akakitia, akafunga kwa ufunguo. "Nenda, gari inakuacha."

Ndani ya gari hakuna aliyemsemesha hadi Gitega. Dereva alimtazama mara kwa mara kwenye kioo, na kila wakimkuta polisi njiani, Gaudensia aligeuza uso dirishani kama mtu asafiriye peke yake.

* * *

Kesho yake, ofisi ya kwanza ilimwambia mambo ya ziwa si yao, ni ya usafiri. Ofisi ya usafiri ikasema chombo kinachopokea mawimbi ni cha mawasiliano. Saa kumi alasiri ilimkuta kwenye benchi la ofisi ya tatu, miguu imevimba, mbele ya katibu aliyeitwa Anisia, mwanamke wa umri wake aliyevaa sweta juu ya gauni.

Anisia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua ombi ambalo Yasmina alikuwa ameliandika kwa mkono, akalisoma, akachukua kalamu na kufuta neno moja, akalifuta tena mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Usiandike *mpaka*," alinong'ona. "Ukiandika hivyo, hii itapanda kwenye meza nyingine, na we mwenyewe utaitwa. Unasikia, dada?"

"Nasikia. Na autorisation?"

"Haiko."

"Imekatazwa?"

"Oya, haikukatazwa. Hakuna anayekataza hicho kitu. Ndiyo maana hakuna fomu ya kukiruhusu."

"Sasa mi nimpelekee nini yule wa kizuizini?"

Anisia alifunika kalamu. "Huyo mdogo wako, kwa nini asikae karibu karibu na nchi kavu?"

"Mashua haina injini. Inakwenda upepo unakotaka."

Simu ya Yasmina ililia. Husni. Alitoka nayo barazani. Huko Rumonge kulikuwa na kelele za watu wakipakia mizigo.

"Dada, umeipata?"

Aliona mbele yake ile droo ikifungwa. Alijua akisema hapana Husni atasema haya, Mungu yupo, na ataondoka hivyo hivyo, kwa sababu mchele ulikuwa umeshaingia mashuani.

"Nimeipata," alisema.

"Kweli? Iko mkononi?"

"Iko mkononi. Ya njano. Nimeizamisha kwenye maji, haikufa."

Husni alicheka, kicheko chake cha zamani. "Bas, leo nakwenda hivi hivi, nikirudi nitakuta—"

"Usiondoke." Sauti ilimtoka kali hata mlinzi wa lango akageuka. "Lazima nikufundishe mwenyewe. Usiguse tanga mpaka nije."

"Wenye mzigo watanila, dada. Angalia mbingu, upepo mzuri."

"Waambie mashua inavuja. Waambie unaumwa. Husni, niapie."

Nyuma yake mtu alikuwa akipiga kelele kuhusu magunia.

"Haya. Leo moja tu. Kesho naondoka, uje usije."

Alikata. Yasmina alibaki ameishika simu kifuani. Usiku mmoja. Amempatia usiku mmoja, na kesho atasimama mbele yake bila kitu.

Aliporudi ndani, Anisia alikuwa anafunga madirisha. Wafanyakazi wengine walikuwa wanateremka ngazi wakiaga.

"Tunafunga, dada. Rudi Jumatatu, mkurugenzi atakuwepo pengine."

Yasmina alilichukua ombi lake na kalamu mezani, akakaa kwenye benchi. Alilinyoosha ombi juu ya mapaja yake na kuliandika upya neno lililofutwa, herufi moja moja, pembeni mwa lile doa la wino. Kama litapanda kwenye meza nyingine, na lipande.

"Dada, nimesema tunafunga."

Yasmina aliusogeza mfuko wake chini ya benchi.

"Fungeni," alisema. "Mi niko hapa."