Divai ya Birika

Miaka kumi na miwili Mathew alimimina chai ya maziwa kwenye mkahawa mmoja pale Usagara, birika juu ya kichwa, kikombe usawa wa kiuno, na tone lisidondoke. Watu walikwenda kutazama zaidi kuliko kunywa. Chai yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa maji ya moto yenye matangazo.

Sasa kastaafu, yuko nyumbani Nguvumali, na birika alipewa liwe kumbukumbu. Kaamua kutengeneza divai ya maua ya rozela kwa sherehe ya kumuaga binti yake, Brightness. Keshamtambia baba wa bwana harusi kwenye simu: "Siku hiyo msinunue kinywaji. Mtakunywa mkono wangu!"

Divai ikachacha, ikatulia katika machupa mawili makubwa, mashapo chini. Ikafika siku ya kuihamisha ili mashapo yabaki. Mkewe, Anastazia, akaleta mpira mwembamba.

"Baba Brightness, lenye divai liweke mezani, tupu liweke chini. Ncha ya mpira iguse kitako, divai iingie polepole bila povu. Jaza mpaka shingoni, ziba. Hewa ndiyo mchawi wake."

"Mimi wa kufundishwa kumimina?"

"Ufundishwe. Hii si chai."

Ilimchoma. Akajaza divai kwenye birika, akapanda kigoda, akaimimina kutoka juu kabisa mpaka kwenye faneli. Povu likafurika. Alilitazama kama anayesubiri makofi. Halafu akaacha chupa robo tupu, eti divai ipate pa kupumua.

"Ikipumua itakufa," alisema Anastazia, akachukua chupa la pili na mpira wake, akaenda uani.

Miezi miwili baadaye, asubuhi ya sherehe, Mathew alifungua lake. Harufu ikampiga puani kama kofi la mdai. Akaonja, jicho moja likajifunga lenyewe.

"Mama Brightness, nimeadhirika! Siki tupu! Wakwe nitawaambia nini?"

Anastazia alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akalibeba chupa kwenda jikoni, kwenye beseni la kachumbari.

Mchana wakwe walinywa divai ya uani. Baba wa bwana harusi akainua glasi: "Mathew, huu mkono si wa kawaida!"

Kifua cha Mathew kikajaa. Kinywa kikiwa wazi tayari kupokea sifa, macho yake yakakutana na ya mkewe. Anastazia alikuwa anatafuna kachumbari, taratibu, bila kupepesa.

Kifua kikashuka.

"Hiyo ni ya mama," akasema. "Yangu mmeila na pilau."

Mzee yule akaramba vidole. "Aa, basi wewe ndiye uliyeikoleza kachumbari! Niongeze divai, fundi."

Mathew akaliinua chupa. Mazoea yana taabu: mkono ukaanza kupanda, ukapita bega, ukafika sikioni. Anastazia akakohoa.

Mkono ukashuka, mpaka mdomo wa chupa ukagusa glasi.