Jicho la Pili la Mariamu

"Sili mimi! Sili katika nyumba yenye Mariamu chongo!"

Askale alikuwa kasimama mlangoni, shuka yake nyeupe imemteremka begani, na nyuma yake chama chetu chote cha Bikira Mariamu kimesongamana kama mbuzi walioona mto. Hakuna aliyethubutu kumpita.

"Chongo nani? Kageuka upande tu," alijibu Zenebech, mwenye nyumba. "Anamtazama punda asijikwae."

"Wanaochorwa upande ni nani, shoga? Yuda na mashetani! Watakatifu ni macho mawili, hata mtoto anajua. Ndivyo ulivyofundishwa Ulaya, Wondafrash?"

Wondafrash, mwanawe Zenebech, alikuwa na miezi miwili tangu arudi. Picha ya Mariamu iliyotundikwa ukutani aliichora kwa wino mweusi mtupu, hakuna dhahabu, hakuna nyekundu: mistari minane tu, na ukituliza macho unamwona Mama na Mwana juu ya punda, wakikimbilia Misri. Mtaa mzima wa Gulele tulishaichungulia, kila mmoja akijidai kaja kuomba chumvi.

Zenebech machozi yalimlengalenga. Hii ilikuwa zamu yake ya kwanza kutupokea tangu afiwe na mumewe. Kuku wanne wamechinjwa, pombe ya tella imeiva. Tungeondokea pale mlangoni, nani angekanyaga kwake tena?

"Iteremshe, mwanangu," alinong'ona.

"Siiteremshi, mama." Wondafrash akachovya brashi. "Mama Askale anataka macho mawili? Haya."

Uso hakuugeuza. Jicho la pili alilichora palepale shavuni, chini kidogo ya lile la kwanza: kubwa, jeusi, la mviringo, kama yale ya ukutani kanisani.

Mimi nikacheka; ningefanyaje?

Askale akasogea kushoto. Akasogea kulia. Akainama kama anayetafuta sindano.

"Mh! Kafanana na samaki."

"Anakuona, hakuoni?" Zenebech akamuuliza.

"Ananiona." Sauti ilikuwa imeshuka. "Kila niendako ananiona, jamani."

Akajifunika shuka vizuri, akasogea, akaibusu picha kwa heshima zote. Alipogeuka, wino mbichi ulikuwa umembaki puani, nasi tukaangua kicheko hadi kuku wa jirani wakaruka ukuta. Hata Zenebech alicheka, huku akifuta macho.

"Kanawe pua, dada," alisema, akimshika Askale mkono, "kisha ingia ndani tule. Mchuzi unapoa."