Maji ya Kumkanda Raudha

Kipupwe cha mwaka huu kilituonea. Asubuhi pale kwetu Tandika watu walitoka majumbani wamejitanda mashuka, na muuza kahawa alikuwa akiuza mpaka jua limepanda. Watu wa Njombe watacheka wakisikia tunaita hiyo baridi. Waje walale kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, upepo unapita juu ya ukuta, halafu watupe habari.

Katika baridi hiyo binti yangu Raudha alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, akaja kulelewa kwetu kama ilivyo desturi. Mzazi kwetu hukandwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka arobaini iishe. Sisemi maji ya uvuguvugu. Nasema maji ambayo mkandaji akichovya kitambaa, hukirusha mkono huu na mkono huu kabla hajathubutu kukiweka tumboni kwa mzazi. Mke wangu, Tunu, alikandwa hivyo na marehemu mama yake katika chumba kile kile, wakati kuta hazijapigwa plasta, nami natoka kazini kiwandani napitiliza shule ya jioni.

Basi mama mkwe wa Raudha, Bi Farida wa Sinza, alipoanza kuitaja hita yake ya maji kila akija kumwona mtoto, nilijua anaelekea wapi. Mwanawe Twaha, mume wa Raudha, ni dereva wa malori, na wakati huo alikuwa safarini Tunduma. Kwa hiyo mwenye sauti upande wao alikuwa yeye.

"Mkwe, sisemi kwa ubaya," aliniambia siku moja, amekaa mkekani na mtoto mapajani. "Jana maji yalikuwa vuguvugu. Nimeyagusa mwenyewe. Mzazi akikandwa maji ya namna hiyo, baridi inamkaa kiunoni mpaka uzeeni. Kwangu unafungua koki tu."

"Mkaa ulikuwa umelowa," nikasema.

"Nikuleteeni mtungi wa gesi?"

"Ahsante, mkwe. Tutajimudu."

Alipoondoka, Tunu alinitazama. "Ungechukua mtungi."

"Leo mtungi, kesho mzazi."

Raudha alikuwa anatusikia kutoka kitandani. Akasema taratibu, "Baba, Sinza ni pazuri, wala mama mkwe hana baya na mie. Ila nataka mama yangu ndiye anikande. Kwa mama mkwe nitaona haya hata kulia."

"Utabaki hapa mpaka arobaini iishe," nikamwambia.

Nikishasema neno katika nyumba yangu, nimejipa kazi. Mkaa wa msimu ule ulikuwa vumbi na mawe, gunia linaisha hujamaliza kulisifu. Kuni za kukoka mchana kutwa hatuna. Nikakumbuka jiko la maranda, tulilotumia wakati wa shida ya zamani. Unachukua debe, unatoboa tundu ubavuni chini, unasimamisha chupa katikati na kupenyeza mti tunduni mpaka ukutane na chupa. Unajaza maranda laini ya msumeno pande zote, unashindilia, kisha unachomoa chupa na mti. Inabaki njia ya hewa. Ukiwasha chini, linaungua polepole kutoka ndani, na sufuria inachemka huku unafanya shughuli nyingine.

Nikaenda Chang'ombe kwenye karakana ya fundi Ansbert, seremala niliyemfahamu tangu ana jozi moja ya patasi. Akaniruhusu nijaze kiroba bure.

"Mzee Marijani, umeanza kufuga kuku?"

"Nafuga mjukuu."

Akacheka mpaka akazima mashine.

Kosa langu lilikuwa haraka. Kiroba nilikichota chini ya lundo, kwenye maranda yaliyonyonya maji ya mvua ya juzi, na sikuyaanika. Halafu nikaliweka debe kibarazani, chini ya dirisha la mzazi, ili maji yasipoe njiani. Nilipowasha, halikutoka joto, ulitoka moshi. Ukaingia dirishani wote kama umealikwa. Mtoto akapaliwa, Raudha akatoka anakohoa kajifunika kanga usoni, na Tunu akalimwagia debe ndoo nzima ya maji.

Na nani alikuwa anafungua geti? Bi Farida.

Akamchukua mtoto, akampangusa macho, hakunigombeza. Afadhali angegombeza. "Mkwe," akasema, "Ijumaa nakuja na teksi. Namchukua mzazi wangu."

"Njoo Ijumaa asubuhi," nikamjibu, nimelowa miguu kwa maji ya Tunu. "Tia mkono kwenye maji. Ukiweza kuuacha humo, mchukue, nami nitabeba begi mpaka kwenye teksi."

"Umesema wewe."

"Nimesema mie."

Alipokwenda nikaanika maranda juani kwenye turubai, nikiyageuza kama mpunga. Mwalimu wetu wa sayansi wa shule ya jioni alitufundisha kwamba kuni mbichi kwanza huchemsha maji yake yenyewe, ndipo zikumbuke ya kwako. Nilimweleza Tunu hivyo.

"Huyo mwalimu wako alipika wapi?" akauliza.

Nikajaza debe tena, safari hii nyuma ya nyumba, mbali na madirisha, upepo ukipeleka moshi uwanjani. Nikashindilia kwa ngumi. Nilipochomoa chupa, maranda yote yakaporomoka ndani ya shimo. Nikarudia. Yakaporomoka.

Tunu alikuwa anachambua mchele, ananitazama. "Unashindilia kama unabembeleza mtoto. Hapo panataka mchi."

"Nipe mchi."

"Mchi wangu wa kisamvu? Kwenye takataka za Ansbert?" Akaendelea kuchambua. Kisha mtoto akalia chumbani, na Raudha akaguna akijaribu kuinuka. Tunu akaweka ungo chini, akaingia jikoni, akatoka na mchi. Hakunipa. Alijifunga kanga kiunoni akatwanga mwenyewe, mimi nimeshika chupa isiyumbe. Alitwanga mpaka debe likawa kama limemiminwa zege. Chupa ilipotoka, shimo lilisimama kama kisima.

Likawaka. Moshi mdogo mwanzoni, kisha joto tupu, bila ndimi za moto. Sufuria kubwa ikachemka, na tulipoiondoa tukabandika maharage.

Tatizo likabaki moja: maji yatoke jikoni yakae moto muda wote wa kukanda, maana chumba chenyewe kilikuwa baridi. Nina kabuti zito nililopewa nilipokuwa zamu kiwandani. Kila kipupwe nalivaa. Mtaa mzima unalijua. Siku ile ya Ijumaa nikatandika maranda makavu ndani ya kapu la ukindu, nikatia sufuria ya maji yaliyochemka, yenye mfuniko, nikalifunika lote kwa kabuti langu, nikalifunga mikono yake kama mtu aliyejikumbatia.

Bi Farida akaja na teksi kweli. Nikamwamkia, nikampeleka chumbani, nikafungua mikono ya kabuti, nikafunua sufuria. Mvuke ukampanda usoni. Akakunja mkono wa gauni, akachovya vidole.

"Uwii!" Akavitia mdomoni.

"Viache humo, mkwe," nikamwambia.

"Nyamaza wewe mzee!" akafoka. Tunu akageukia ukutani kwa kucheka. Raudha alikuwa kakaa kitandani, begi lake halijafungwa wala halijaguswa, anamtazama mama mkwe wake tu.

Bi Farida akatazama kapu, akatazama kabuti, akamtazama Raudha. Akatoka nje. Nikamsikia akimwambia dereva wa teksi aende zake. Aliporudi alikuwa ameshavua buibui.

"Leo namwogesha mtoto," akamwambia Tunu. "Mwanao mkande mwenyewe. Na wewe, mkwe, toka, hapa si pa wanaume. Jifunike, unatetemeka. Koti lako liko wapi?"

"Liko kazini," nikasema, nikaenda nyuma ya nyumba kushindilia debe la jioni.