Semina ya Kusikiliza Vijana

NaMwale alirudi kutoka semina mjini Salima amenenepa kidogo na anajua kila kitu. Walifundishwa namna ya kuzungumza na vijana kuhusu habari za uzazi wa mpango wanazoziona mtandaoni: usicheke, usikaripie, muulize ameona nini, kitazameni pamoja. Katika igizo yeye ndiye aliyekuwa binti wa shule, akalia machozi ya kweli, akazawadiwa kitenge. Hapa kliniki Dedza alikivaa juu ya sare ya unesi, ili nasi manesi wenzake tusioitwa tufaidi kwa macho.

Asubuhi hiyo hiyo akaingia Chifuniro, binti wa kidato cha tatu, sweta kaigeuza nje ndani nembo ya shule isionekane. Tarehe yake ya sindano ya kuzuia mimba ilikuwa imepita siku chache, na alikuja kusema hachomwi tena. Dada yake aliacha shule kwa mimba. Mtoto hulelewa na Chifuniro huyu huyu akitoka darasani. Hakuja kwa mchezo.

"Mwana wa nani wewe?" NaMwale akaanza, kama tunavyoanza sote huku, hata kwa mtu mwenye siri.

"Wa Kachingwe, kule sokoni."

"Loo! Mama yako si naimba naye kwaya!" Utadhani kampa habari njema. "Haya, sindano imekukosea nini?"

"Sizioni siku zangu tangu nichomwe. Nimeona video, eti damu inabaki tumboni inaoza."

Mhitimu wetu akacheka mpaka kitenge kikalegea. "Nyie watoto! Simu ndiyo daktari wenu siku hizi! Mpumbavu gani anaamini hayo?"

Chifuniro akanyanyuka aondoke. Nilimchukia NaMwale, na sisemi kwa mzaha. Nikamshika binti mkono.

"Keti, mwanangu. Hebu tuione sote."

Akatoa simu. Mwanamke mwenye koti jeupe na kucha ndefu alikuwa akikoroga chai ya kusafisha kizazi, inauzwa. Nikamweleza kwamba sindano huufanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba, kwa hiyo damu haijikusanyi, na hakuna cha kuoza. Akauliza kama atazaa. Atazaa, nikamwambia, ila akiacha sindano huenda ikapita miezi kadhaa kabla ya kushika mimba.

"Video uliipata wapi?"

"Kwenye simu ya mama, kundi la akina mama wa kanisa. Nikajitumia." Akasita. "Ningeipuuza, sista. Ila aliyeituma ni nesi."

NaMwale akaanza kufunga kitenge upya, kazi iliyomchukua muda.

"Mimi nilituma tu kama ilivyonifikia," akasema. "Hata sikuitazama mpaka mwisho."

"Mimi niliitazama mpaka mwisho." Chifuniro alitukodolea macho, mmoja baada ya mwingine. "Nyote wawili ni manesi. Sasa nimwamini nani?"

Nilikuwa na kejeli tamu mdomoni. Nikaimeza, maana swali halikuwa langu kulijibu.

NaMwale akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Mwamini huyu," akasema polepole. "Mimi nimekosea."

Chifuniro akaanza kukunja mkono wa sweta.

"Basi liandike hilo kundini, sista. Mama naye ameacha sindano yake."