Saa ya Kinyozi

Kwa miaka thelathini na minane hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti cha Kinyozi, na wa mwisho kabisa ambaye angethubutu ni mke wake. Kiti kile kilikuwa cha kazi, naye alikuwa na kazi yake: kufua taulo. Asubuhi anazileta zimekunjwa, jioni anazibeba zimelowa, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mama Taulo mpaka wengine wakadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Na Kinyozi mwenyewe, jamani, alikuwa na mdomo. Mteja hajakaa vizuri ameshaulizwa habari za wakwe zake. Mzee alisema na aliyekaa kitini, akasema na waliokaa kwenye benchi, akasema na redio. Akimaliza kichwa anakung'uta taulo, pa, anainua macho kwenye kioo, anaita, "Anayefuata." Neno hilo Mama Taulo alilisikia mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake mwenyewe.

Basi Jumanne moja kiharusi kikampiga Kinyozi akiwa amesimama nyuma ya mteja, wembe mkononi. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, mzee akateremka taratibu hadi sakafuni kama gunia lililotobolewa. Mteja alikuwa mchonga mihuri wa mtaa wa pili. Ndiye aliyetoka mbio kuita watu, shavu moja limenyolewa, la pili povu tupu. Walimwahisha hospitali, na kwa sababu walimwahisha, akapona. Baada ya wiki chache mguu ulirudi, akawa anatembea na mkongojo. Mkono wa kulia ulibaki mzito. Maneno yalirudi mojamoja.

Mzee mwenyewe ndiye hakurudi. Alikaa pembeni ya kitanda akiangalia ukuta kutwa nzima. Chakula alikionja akakisukuma. Ukimsalimia anakutazama, halafu anarudi kwenye ukuta wake. Mama Taulo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwambia "hebu nyamaza kidogo nisikie ninachofikiri," sasa alikuwa anakaa naye chumbani akiomba aseme chochote, hata amtukane. Alimkumbuka mumewe huku amekaa naye kitanda kimoja, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Mwezi wa nne tangu augue wakampeleka kliniki. Mtoto wao wa kwanza, karani kwenye ofisi ya bima, aliomba ruhusa kazini akawapeleka. Foleni ilifika getini. Daktari alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa na haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Mzee, leo ni siku gani?"

Kimya.

"Mwezi gani huu?"

Kinyozi alikuwa amemkazia macho daktari, si machoni, juu kidogo ya sikio. Alimtazama upande huu, akamtazama upande ule. Daktari akaandika kwenye faili: anakodoa macho bila sababu.

Kisha akamsogezea karatasi na kalamu. "Nichoree saa. Weka namba zote, halafu mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Hapo mzee akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Akachora duara. Akaweka kumi na mbili juu, vizuri kabisa, na Mama Taulo akavuta pumzi. Halafu akaweka moja, lakini akaiweka kushoto. Akashuka na mbili, tatu, nne, kushoto hukohuko, akapita kwenye sita chini na kupanda upande wa kulia hadi kumi na moja. Saa nzima imegeuka. Mshale mfupi akauelekeza kwenye kumi na moja yake, mrefu kwenye mbili yake, akaweka kalamu chini akaangalia ukuta.

Daktari aliigeuza karatasi, akaigeuza tena, akashusha pumzi. "Mama, dalili hizi ni za ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Tutampima zaidi mwezi ujao. Kwa sasa, msimruhusu awe karibu na moto wala wembe." Akaibana ile saa ndani ya faili, na faili, kama kawaida, akampa mgonjwa arudi nalo nyumbani.

Mtoto hakupoteza muda. Hakuwa mtoto mbaya, jambo hili lieleweke. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hupenda kupanga mambo. "Baba atahamia kwangu, chumba cha nyuma. Duka kuna muuza simu analitaka, mwenye nyumba ameshakubali. Jumamosi saa sita mchana anakuja kuchukua funguo."

"Na kiti?"

"Mama, kiti kitauzwa. Baba atakitumia kufanya nini?"

Mama Taulo alikubali. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na daktari ni daktari. Akakubali, na hapohapo akajichukia kwa kukubali, maana alijua mumewe akivuka kizingiti cha duka lile kwa mara ya mwisho hakuna wembe wala dawa itakayomwinua tena.

Ijumaa asubuhi akaenda kulisafisha duka. Akafuta vumbi kwenye chupa, akafunga vitana kwenye gazeti, akatoa taulo kumi na mbili alizozifua siku moja kabla ya ile Jumanne, bado zimekunjwa. Taulo ndizo zilizomshinda. Akatafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa maboksi, na kitu cha karibu cha kukalia kilikuwa kiti cha kazi.

Alikitazama kwanza. Kisha akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia, "Potelea mbali," akakaa.

Kumbe kilikuwa kizuri. Miaka yote hiyo wanaume walikuwa wanafaidi. Akaegemeza kichwa, akajifuta machozi kwa taulo, akainua macho mbele yake. Kwenye kioo akajiona mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Juu ya kichwa cha huyo mwanamke, kwenye ukuta wa nyuma, kulikuwa na saa.

Saa ile aliijua, ameipangusa vumbi tangu ilipotundikwa. Lakini aliipangusa uso kwa uso. Hakuwahi kuiona kutoka hapa. Kwenye kioo, kumi na mbili ilikuwa juu, sita chini, moja ilikuwa kushoto na kumi na moja kulia. Mshale wa sekunde ulikuwa unakwenda kinyumenyume, haraka, bila wasiwasi.

Aligeuka akatazama ukuta. Akarudi kwenye kioo. Akageuka tena, shingo ikalia. Kisha akachomoa faili kwenye mkoba, akainyanyua ile saa ya mumewe kando ya kioo. Ilikuwa ileile. Haikukosewa hata namba moja.

Kinyozi husimama nyuma ya mteja, mgongo kwa ukuta, macho kwenye kioo. Kwa miaka thelathini na minane mtu huyu aliijua saa kwa njia hiyo tu: asubuhi ya kufungua, mchana wa kula, jioni ya kufunga. Wamemwambia achore saa, akachora saa yake.

Mama Taulo akacheka. Akacheka peke yake kwenye kiti cha wanaume mpaka mpita njia akachungulia.

Kliniki hakupanga foleni. Watu wakaguna, akawaambia wagune tu. Akamkuta daktari anaandika.

"Shikamoo, Mama. Mbona leo si siku yenu?"

"Marahaba. Kesho uko kazini?"

"Kesho napumzika."

"Basi kesho saa tano njoo dukani kwetu, mtaa wa nyuma ya posta. Kuna kitu nataka ukione, na hapa nikikueleza hutanielewa."

"Mama, mimi nina—"

"Mwanangu," alisema Mama Taulo, taratibu sana, "ulikosea. Mimi niliyelala naye miaka arobaini nimekosea pia, kwa hiyo hatuchekani. Lakini wewe ndiye uliyeandika. Njoo."

Daktari akamtazama mama huyu aliyeshika faili kama mtu aliyeshika mtoto, akasema atakuja.

Jumamosi saa tano kasoro walikuwa wote dukani. Mzee alivishwa shati la kufungia vifungo, akaegemezwa ukutani na mkongojo wake, macho sakafuni. Mtoto alikuwa amekunja uso. "Mama, unamtesa Baba bure. Mwenye kuchukua funguo yuko njiani."

"Aje. Njia si ya kwangu. Daktari, kaa hapo."

Daktari akakaa kitini. "Nikae, halafu?"

"Tazama mbele."

Akatazama. Alijiona, akaliona duka nyuma yake, akaiona saa. Mama Taulo akamwekea ile karatasi mapajani. Daktari akashusha macho, akayainua, na masikio yake yakaiva.

Akageuza kiti. "Mzee, kwa nini hukuniambia?"

Kinyozi akamtazama. Mdomo ukahangaika. "Huku... uliza."

Daktari akampa mzee kalamu na kugeuza karatasi upande mweupe. "Nichoree tena. Tafadhali."

Mzee akachora maduara mawili, kila moja saa yake. Ya kwanza ilikuwa ya kwenye kioo, kama ile ya juzi. Ya pili aliifanya polepole, akisimama katikati ya namba kama anayetafuta njia mtaa wa watu, na ilitoka ya ukutani, sawasawa, saa tano na dakika kumi. Akaweka kidole kwenye ya kwanza. "Yangu." Kidole kikahamia ya pili. "Yako."

"Na siku uliyougua," daktari akauliza kwa sauti ndogo, "unaikumbuka?"

Safari hii hakukawia. Maneno yalitoka yamevunjika lakini yalitoka yote. "Jumanne. Mchonga mihuri. Shavu la kushoto. Nilimwacha... nusu." Machozi yakamshuka mzee. "Sijawahi... kumwacha mtu nusu."

Mama Taulo akashika ukuta. Miezi minne. Wakati wao wanasema amesahau, yeye alikuwa anakumbuka shavu la mtu, kutwa kucha, na aibu yake amebaki nayo mwenyewe.

Daktari akasimama. "Nisikilizeni vizuri. Nitampima upya, kwa utulivu, siyo kwa haraka kama juzi. Lakini ninachokiona hapa si kusahau. Huyu ana sonona. Huzuni iliyogeuka ugonjwa. Huwapata wengi baada ya kiharusi, na kwa wazee hufanana sana na kupotewa na akili, mpaka madaktari wenye foleni ndefu wanadanganyika. Ina dawa, ina mazungumzo, na ina kazi. Zaidi ya yote, ina kazi." Akamgeukia mzee. "Samahani, Mzee wangu."

Mzee hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamtazama juu kidogo ya sikio, upande huu, upande ule.

"Nani," akasema, "alikunyoa?"

Daktari akajishika kisogo. "Jirani yangu mmoja."

"Ana... macho?"

Mama Taulo alikuwa wa kwanza kucheka, na alicheka huku analia, maana miezi minne hakuna mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Mzee akaacha mkongojo ukutani. Akajivuta hadi nyuma ya kiti, akaashiria kwa kidevu: kaa. Daktari akakaa. Mkono wa kushoto, ambao miaka yote kazi yake ilikuwa kushika kitana tu, ukachukua mashine ya kunyolea.

"Baba, hapana," mtoto akasogea. "Akimkata?"

"Mwache," alisema mama yake.

"Mama, mkono wa kushoto—"

"Nimesema mwache baba yako."

Mashine ikanguruma. Mzee akaweka mkono mzito wa kulia kwenye bega la daktari, ukatulia pale kama uzani. Akainua macho kwenye kioo. Mama Taulo naye akatazama kioo, na huko ndani yule mzee mwingine alikuwa ameshika mashine kwa mkono wa kulia, kama zamani, kana kwamba hajawahi kuugua. Mashine ikagusa kisogo. Ikatetemeka mara moja, mtoto akafumba macho. Ikatulia. Ikapita polepole kutoka sikio hadi sikio, ikarudi, ikasimama, ikaondoa unywele mmoja ambao hakuna mwingine angeuona.

Alipomaliza, mstari ulikuwa umenyooka. Si umenyooka kwa mgonjwa. Umenyooka. Daktari alijigeuza huku na huku kwenye kioo, hata yeye akasahau alikuja kufanya nini.

Mtoto alikwenda mlangoni akasimama huko, mgongo kwao, mabega yanatikisika. "Nitatoa yale maboksi," alisema baadaye, sauti imekauka, akaanza kuyabeba nje moja baada ya jingine mpaka benchi likawa wazi.

Saa sita juu ya alama, akaingia muuza simu, kijana nadhifu mwenye tabasamu. "Hamjambo? Nimekuja kuchukua zile funguo."

"Hatujambo," alisema Mama Taulo, akimpa taulo safi mumewe. "Kaa kwenye benchi."

Akakaa.

Kinyozi akaikung'uta taulo kwa mkono wa kushoto, pa. Akainua macho, akaitazama saa yake kwenye kioo. Mdomo ulienda upande kidogo, lakini neno lilitoka zima.

"Anayefuata."

Muuza simu akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona yuko peke yake kwenye benchi, akainuka akaenda kukaa kitini.